Namna ya Kuisoma Historia ya Idadi ya Watu Duniani

Anayetaka kuelewa jinsi idadi ya watu ilivyoongezeka duniani kwa kawaida huanza na jumla: bilioni 1 karibu na mwaka 1804, bilioni 8 tarehe 15 Novemba 2022 kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa. Jumla hizo ni za kuaminika kwa kadiri makadirio yanavyoweza kuaminika, lakini zenyewe hazielezi kitu, kwa sababu jumla ni matokeo ya mambo matatu yanayoendelea bila kukoma katika kila jamii: watu huzaliwa, watu hufa, na watu huhama. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuirudisha kila jumla kwenye mambo hayo matatu. Vifaa vinavyohitajika ni karatasi mbili za grafu, rula, penseli, kalamu ya wino na hesabu za kuzidisha na kugawanya.

Michoro miwili

Kwenye karatasi ya kwanza, chora mhimili mlalo wenye urefu wa zaidi kidogo ya sentimita 20, kila sentimita ikiwa ni miaka 100, kuanzia mwaka 1 baada ya Kristo. Mhimili wima uwe na sentimita 16, kila sentimita ikiwa ni watu milioni 500. Kwa mwaka 1, makadirio ya wanahistoria ni kati ya milioni 170 na milioni 300. Tuchukue milioni 250, yaani nusu sentimita. Kwa mwaka 1500 weka nukta karibu na sentimita 1, kwa maana dunia ilikuwa na watu wapatao milioni 500. Kisha weka nukta ya bilioni 1 mwaka 1804, bilioni 2 mwaka 1927, bilioni 3 mwaka 1960, bilioni 4 mwaka 1974, bilioni 5 mwaka 1987, bilioni 6 mwaka 1999, bilioni 7 mwaka 2011 na bilioni 8 mwaka 2022.

Ukiziunganisha nukta hizo, mstari utatambaa chini ya karatasi kwa sentimita 15 nzima ukipanda nusu sentimita tu, halafu ndani ya sentimita moja ya mwisho utapaa kwa sentimita 12. Huu ndio mchoro unaochapishwa mara nyingi zaidi, na wasomaji wengi huishia hapo wakiwa na hofu. Mimi nauona kuwa mchoro unaopotosha ukiachwa peke yake. Unaonyesha wingi, wala hauonyeshi kasi. Kutoka milioni 500 hadi bilioni 1 watu waliongezeka maradufu, jambo kubwa lililobadilisha mabara, lakini kwenye karatasi hiyo linaonekana kama mwinuko mdogo usio na maana.

Kwa hiyo chukua karatasi ya pili. Mhimili mlalo ubaki vilevile, ila kwenye mhimili wima kila sentimita 2 ziwe na maana ya watu kuongezeka maradufu: milioni 250, milioni 500, bilioni 1, bilioni 2, bilioni 4, bilioni 8. Hapa zinahitajika nukta sita tu: mwaka 1, mwaka 1500, 1804, 1927, 1974 na 2022. Sasa pima umbali wa miaka kati ya nukta moja na inayofuata, uuandike juu ya mstari. Utapata takriban miaka 1,500, halafu takriban 300, halafu 123, halafu 47, halafu 48.

Itazame ile 48 kwa makini. Kwa karne nyingi, kila mara watu walipoongezeka maradufu walitumia muda mfupi kuliko mara iliyotangulia. Mara ya mwisho muda haukupungua tena. Kwenye karatasi ya kwanza hakuna dalili yoyote ya jambo hilo, maana mstari unaonekana unazidi kupaa. Kwenye karatasi ya pili geuko linaonekana kwa macho.

Kupima kasi

Ipo kanuni fupi inayotumiwa na kila anayeshughulika na takwimu za watu: gawanya 70 kwa asilimia ya ongezeko la mwaka, na jibu ni idadi ya miaka inayohitajika ili watu wawe maradufu. Katika miaka ya 1960 dunia ilikuwa ikikua kwa kidogo zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka, kasi kubwa kuliko zote zilizowahi kujulikana. Ukigawanya 70 kwa 2.1 unapata miaka 33. Leo kasi iko chini ya asilimia 1. Kwa asilimia 0.9 jibu ni miaka 78 hivi, na kwa kuwa kasi yenyewe inaendelea kushuka, maradufu hiyo haitarajiwi kutimia.

Ijaribu kanuni hiyo pia kwa kurudi nyuma. Makadirio mengi ya takriban mwaka 10,000 kabla ya Kristo, wakati watu wote walipokuwa wawindaji na wakusanyaji na kilimo kikianza, ni kati ya milioni 1 na milioni 10. Tukichukua milioni 5, basi hadi mwaka 1 baada ya Kristo watu waliongezeka mara 50 katika miaka 10,000. Hiyo ni wastani wa asilimia 0.04 kwa mwaka: katika kundi la watu 10,000, baada ya kuhesabu vizazi vyote na vifo vyote vya mwaka, waliongezeka watu wanne. Maradufu moja ilichukua zaidi ya miaka 1,700.

Kwa nini kasi ilikuwa ndogo kiasi hicho? Jibu linalokuja haraka ni kwamba haingewezekana kuwa vinginevyo kwa muda mrefu, na hesabu inathibitisha. Laiti watu milioni 250 wa mwaka 1 wangeongezeka kwa asilimia 1 tu kila mwaka bila kukatizwa kwa miaka 2,000, leo wangekuwepo zaidi ya watu 700 katika kila mita moja ya mraba ya nchi kavu yote ya dunia, pamoja na majangwa na barafu ya Antaktika. Asilimia 1 inayosikika kuwa ndogo ni kasi ambayo hakuna jamii inayoweza kudumu nayo milenia baada ya milenia. Ongezeko la karne mbili zilizopita, kwa hiyo, ni kipindi cha mpito baina ya hali mbili za utulivu, na anayesoma historia hii anapaswa kutafuta kipindi hicho kilianzaje na kinaishaje.

Kuingia ndani ya kaya

Acha mabilioni kwa muda, uangalie kaya moja ya zamani. Mama anajifungua watoto sita. Mmoja anafariki katika wiki za kwanza, mwingine kabla ya kutimiza mwaka, wa tatu anachukuliwa na surua au ndui, wa nne anafariki kwa homa kabla hajapata watoto wake. Wanabaki wawili, wanaochukua nafasi ya baba na mama. Watu sita wamezaliwa, na jamii imebaki palepale. Mfano huu umerahisishwa, lakini haukutiwa chumvi: katika sehemu kubwa ya historia, karibu nusu ya watoto wote walifariki kabla ya kufikia utu uzima.

Sasa badilisha jambo moja tu. Mama huyohuyo anajifungua watoto walewale sita, lakini wanne wanakua. Hakuna aliyezaa zaidi, na bado watu wameongezeka maradufu ndani ya kizazi kimoja. Hapa ndipo penye kiini cha karne ya 19 na ya 20, nami nasisitiza kwa sababu kosa hili hurudiwa kila siku: idadi ya watu haikupanda kwa kuwa watu walianza kuzaa kupita kiasi, ilipanda kwa kuwa watoto waliacha kufa. Leo, kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa duniani, wasiozidi 40 hivi hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Mstari ule unaopaa kwenye karatasi ya kwanza umejengwa na watoto walionusurika.

Kwa kiwango cha jamii, hesabu hiyohiyo hufanywa kwa kila watu 1,000. Andika vizazi 45 na vifo 44: ongezeko ni mtu 1, yaani asilimia 0.1, na maradufu ni miaka 700. Shusha vifo hadi 15 huku vizazi vikibaki 45: ongezeko ni 30, yaani asilimia 3, na maradufu ni miaka 23. Kisha shusha vizazi hadi 16, na jamii inarudi kwenye asilimia 0.1 ileile. Mwendo huu wa hatua tatu, vifo vikitangulia kushuka na vizazi vikifuata baadaye, ndio wataalamu wanaouita mpito wa kidemografia. Muda unaopita kati ya kushuka kwa vifo na kushuka kwa vizazi ndio unaoamua jamii itakua kwa kiasi gani kabla ya kutulia.

Ukitaka kueleza kwa nini vifo vilishuka, usitafute sababu moja. Mwaka 1796 Edward Jenner alionyesha kwamba mtu anaweza kukingwa dhidi ya ndui, na mwaka 1980 ugonjwa huo ulitangazwa kuwa umetokomezwa. Mwaka 1854 John Snow alihusisha kipindupindu cha mtaa mmoja wa London na maji ya pampu moja, na miji ikaanza kuchukulia maji taka kama suala la uhai. Mwaka 1909 Fritz Haber alifanikiwa kutengeneza amonia kutokana na naitrojeni ya hewa, Carl Bosch akaufanya utaratibu huo uwe wa kiwandani kufikia 1913, na mbolea iliyotokana nao inakadiriwa kusaidia kulisha karibu nusu ya watu waliopo leo. Viuavijasumu vilikuja baadaye, wakati vifo katika nchi kadhaa vilikuwa vimekwisha kushuka sana.

Kasi ya mabadiliko haya ilitofautiana mno. Sweden, yenye takwimu za kitaifa za vizazi na vifo mfululizo tangu 1749, ilichukua zaidi ya karne moja kushusha vifo vyake. Sri Lanka, iliyoitwa Ceylon enzi hizo, iliona vifo vikishuka kutoka takriban 20 hadi takriban 14 kwa kila watu 1,000 kati ya 1946 na 1947, wakati wa kampeni ya kupulizia dawa dhidi ya mbu wa malaria, ingawa wanahistoria hawakubaliani ni sehemu gani ya mafanikio hayo iliyotokana na dawa hiyo na ipi iliyotokana na lishe na huduma za afya. Nchi zilizopokea chanjo, dawa na elimu ya usafi zikiwa tayari zimegunduliwa zilishusha vifo haraka kuliko desturi za uzazi zilivyoweza kufuata, na ndiyo maana zilikua kwa kasi ambayo Ulaya haikuwahi kuifikia.

Kilimo cha kale, nacho, kilifanya kazi kwa upande mwingine kabisa. Watu walipotulia mahali pamoja na kupata nafaka za kupikia uji wa watoto, akina mama waliachisha kunyonya mapema na nafasi kati ya mtoto na mtoto ikapungua. Vizazi viliongezeka. Lakini msongamano na kuishi karibu na mifugo vilileta maradhi, na vifo navyo vikapanda hadi kukaribia kuvifikia vizazi. Ndiyo sababu mapinduzi makubwa kama kilimo yanaonekana kwenye takwimu kama mwinuko wa polepole mno.

Tahadhari kuhusu umri wa kuishi

Utakutana na maelezo kwamba mwaka 1900 wastani wa umri wa kuishi duniani ulikuwa takriban miaka 32, na kwamba sasa ni takriban 73. Usielewe kwamba watu wa 1900 walizeeka wakiwa na miaka 32. Chukua watoto kumi: wanne wanafariki wakiwa na umri wa mwaka mmoja, na sita wanaishi hadi miaka 55. Jumla ya miaka yote ni 334, na wastani ni miaka 33.4, ingawa hakuna hata mmoja aliyefariki karibu na umri huo. Kila unapoona wastani mdogo wa zamani, uliza kwanza watoto wangapi walifariki.

Mashimo kwenye mstari

Mstari uliouchora umenyooka kupita kiasi, kwa kuwa nukta ni chache. Baina yake kuna mashimo, na mengine ni ya kutisha. Tauni iliyoenea Ulaya kati ya 1347 na 1351 iliua kati ya theluthi moja na nusu ya watu wa bara hilo. Baada ya 1492, ndui, surua na maradhi mengine yaliyopelekwa Amerika, pamoja na vita na utumwa, yaliangamiza sehemu kubwa ya wenyeji wa mabara hayo. Ireland ilikuwa na watu zaidi ya milioni 8 mwaka 1841. Njaa iliyoanza 1845 iliua takriban milioni moja na kuwafukuza wengine zaidi ya milioni moja, na kisiwa hicho hadi leo hakijarudia idadi ile. Njaa ya China ya 1959 hadi 1961 iliua makumi ya mamilioni, lakini kwenye grafu ya dunia haionekani isipokuwa kwa kupungua kidogo kwa kasi.

Uhamaji haubadilishi jumla ya dunia, ila hubadilisha jumla ya kila mahali. Biashara ya utumwa ya Atlantiki iliwapakia melini Waafrika wapatao milioni 12.5, na takriban milioni 10.7 walifika wakiwa hai. Ukichora Afrika na Amerika kila moja kwenye karatasi yake, watu hao lazima waondolewe huku na kuongezwa kule, na wale karibu milioni mbili wasiofika waandikwe kwenye vifo.

Kuuliza nani alihesabiwa

Kabla ya kuweka nukta yoyote ya zamani, tafuta ilipatikanaje. Dola ya Han nchini China ilihesabu watu wapatao milioni 57 hadi 60 mwaka 2 baada ya Kristo, kwa sababu ilitaka kodi na askari. Daftari za makanisa ya Uingereza, zilizoamriwa mwaka 1538, ziliandika ubatizo na maziko. Mtoto aliyefariki kabla ya kubatizwa mara nyingi hakuandikwa popote. Marekani ilipofanya sensa yake ya kwanza mwaka 1790 ilipata watu takriban milioni 3.9, lakini sehemu kubwa ya wenyeji wa asili haikuingizwa.

Mfano wenye mafunzo zaidi ni wa Roma. Mwaka 28 kabla ya Kristo, Augustus alitangaza kuwa raia waliohesabiwa walikuwa 4,063,000. Takwimu yenyewe imehifadhiwa vizuri, ila haijulikani kwa uhakika kama ni ya wanaume watu wazima tu au inajumuisha wanawake na watoto. Kulingana na jibu utakalochagua, Italia ya wakati huo inakuwa na watu mara mbili au tatu zaidi. Vivyo hivyo, makadirio ya wakazi wa Amerika kabla ya 1492 yanaanzia chini ya milioni 10 na kuvuka milioni 100. Palipo na tofauti kama hiyo, usichore nukta. Chora mstari mfupi wima kutoka kadirio la chini hadi la juu.

Kusoma piramidi ya umri

Jumla ikishaeleweka, ni vyema kutazama mgawanyo wa watu kwa umri, ambao huchorwa kwa pau za ulalo, watoto chini na wazee juu, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine. Kitako kipana ni alama ya jamii yenye vizazi vingi. Kitako chembamba kuliko kiuno ni alama kwamba vizazi vimeshuka.

Anza na piramidi ya Japani, kwa kuwa ina alama isiyofichika: pau moja iliyo fupi ghafla, ya waliozaliwa mwaka 1966. Kwa kalenda ya jadi huo ulikuwa mwaka wa Farasi wa Moto, na ilisadikiwa kwamba binti anayezaliwa mwaka huo ataleta balaa kwa mume wake. Wazazi wengi waliahirisha, na vizazi vikashuka kwa takriban robo ikilinganishwa na 1965, kisha vikapanda tena 1967. Imani ya mwaka mmoja imebaki kama pengo katika taifa zima, na pengo hilo linapanda ngazi moja kila mwaka. Kwa jicho hilohilo, tazama Urusi, ambako wanaume waliokufa katika Vita vya Pili vya Dunia waliacha upande wao ukiwa umemong'onyoka, au Qatar, ambako wafanyakazi wahamiaji wameufanya upande wa wanaume uvimbe hadi kufikia karibu robo tatu ya wakazi wote.

Piramidi pia hueleza jambo linalowachanganya wengi: vizazi kwa kila mwanamke hushuka, na bado watu huendelea kuongezeka kwa miongo kadhaa. Ili jamii ijirudishie bila kuongezeka inahitaji takriban watoto 2.1 kwa kila mwanamke. Iran ilishuka kutoka zaidi ya watoto sita mapema miaka ya 1980 hadi karibu wawili mapema miaka ya 2000, lakini mabinti waliozaliwa wakati wa uzazi mwingi walikuwa bado hawajaanza familia. Walipoanza, hata kwa watoto wawili tu kila mmoja, vizazi vilizidi vifo. Korea Kusini, iliyokuwa na watoto takriban sita kwa kila mwanamke mwaka 1960 na 0.72 mwaka 2023, iko mbali zaidi katika safari hiyo, nayo sasa ina vifo vingi kuliko vizazi.

Kuendeleza mstari mbele ya leo

Makadirio ya Umoja wa Mataifa hutolewa upya kila baada ya miaka michache, na ni lazima uandike toleo unalotumia. Toleo la 2019 liliona watu wakifikia takriban bilioni 10.9 mwaka 2100 wakiwa bado wanaongezeka. Toleo la 2022 lilishusha kilele hadi takriban bilioni 10.4 katika miaka ya 2080. Toleo la 2024 linataja takriban bilioni 10.3 katikati ya miaka hiyo ya 2080, kisha kupungua. Sababu ya kushushwa ni kwamba katika nchi kadhaa kubwa uzazi ulipungua kuliko ilivyodhaniwa. Kwenye karatasi yako ya pili, kilele hicho hakifiki hata nusu ya njia kuelekea bilioni 16. Nukta zilizotangulia zichorwe kwa wino. Hii iwekwe kwa penseli, na mwaka wa toleo uandikwe kando yake ili ifutwe toleo jingine litakapotoka.